Durban Wanayoisema Vibaya Sandton

Ofisini kwetu Sandton, ukisema likizo unakwenda Durban, wenzako wanakuonea huruma. Mmoja atakwambia bahari yake imejaa maji taka. Mwingine atakuuliza simu yako umeikatia bima. Wa tatu, mwenye nia njema, atakushauri uende Cape Town, "kule kuna ustaarabu." Ninachoshangaa ni kwamba hao wote, pamoja na mimi, tunalishwa na Durban.

Mimi ni mhasibu katika kampuni inayoagiza vifaa vya umeme, mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu ni kukagua ankara: nauli ya meli, malipo ya wakala wa forodha, stoji, faini ya kuchelewa kurudisha kontena. Sandton ni mtaa wa minara ya vioo. Soko la hisa la Johannesburg lilihamia hapa mwaka 2000, na watu hupenda kuuita mtaa tajiri kuliko yote Afrika. Lakini bahari haina, wala Johannesburg nzima haina. Zaidi ya nusu ya makontena ya Afrika Kusini hupitia Durban, na yanayokuja kwetu hupanda kwa reli au kwa malori, kilomita 570 hivi, mpaka bandari kavu ya City Deep. Hata shaba ya Kongo na Zambia, sehemu yake hushuka mpaka Durban kupakiwa melini. Viatu, kompyuta na mashine za kahawa zinazojaa maduka ya Sandton zimeionja chumvi ya Durban kabla hazijafika kwetu.

Sifa mbaya haikuzuka hewani. Julai 2021 zilitokea ghasia na uporaji katika majimbo ya KwaZulu-Natal na Gauteng, na zaidi ya watu 300 walikufa. Maghala ya Durban yaliteketea dunia nzima ikitazama. Aprili 2022 yakaja mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 400 katika KwaZulu-Natal, jimbo la Durban, yakavunja mitambo ya maji taka, na fukwe zikafungwa. Mwishoni mwa 2023 meli zilipanga foleni nje ya bandari kwa sababu kreni zilikuwa mbovu na chache. Foleni hiyo naijua kwa uchungu, maana ankara zake zilipita mezani kwangu. Na kwa sisi wageni kuna la zaidi: mwaka 2015 wahamiaji wa Kiafrika walishambuliwa Durban, wakakimbilia kambini.

Hayo yote ni kweli. Ila Johannesburg nayo iliporwa Julai ile ile, na wageni wamewahi kushambuliwa humo pia, na bado hakuna anayekuambia usije Sandton. Mji maskini ukipata msiba, msiba unageuzwa kuwa tabia yake.

Njia ya watu wa kawaida ya kwenda Durban ni treni ya Gautrain kutoka Sandton mpaka Park Station, haifiki robo saa, kisha basi. Park Station yenyewe, niseme ukweli, inahitaji macho zaidi kuliko sehemu yoyote niliyopita Durban. Basi hufuata barabara ya N3 na kuteremka mlima wa Van Reenen kati ya malori yenye makontena, hewa ikibadilika taratibu. Ukivuka Pietermaritzburg, ambako Gandhi alitupwa nje ya treni Juni 1893, joto la pwani linakupokea, unyevunyevu ule wa kwetu unaogandisha shati mgongoni. Mtu wa Tanga au Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi.

Ufukweni nenda alfajiri. Kuna njia pana ya miguu kandokando ya bahari, na jua likichomoza utakuta wakimbiaji, wavuvi wa ndoano, vijana wenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi, na waumini wa makanisa ya Kizayuni waliovaa kanzu nyeupe wakibatizana majini. Wengi wametoka bara, na wakiondoka hujaza chupa maji ya bahari, maana wanaamini yana tiba. Kwa hiyo maji yale yale ambayo Sandton wanayaita machafu hurudi Gauteng kwa heshima, ndani ya chupa za soda. Halmashauri hupima usafi wa maji na kufunga ufukwe usiofaa: uliza waokoaji kabla ya kuogelea, na usiogelee karibu na mlango wa mto baada ya mvua. Kuhusu papa usihofu sana. Nyavu za kuwazuia zimekuwepo tangu 1952. Utaona pia wavuta riksho wa Kizulu wenye mapembe na shanga kichwani, kazi iliyoanza mjini hapo miaka ya 1890.

Lakini aliyeishia ufukweni hajauona mji. Uhai wake uko Warwick, kwenye makutano ya treni, mabasi na daladala, ambako masoko yameshonana chini na juu ya barabara. Soko la dawa za asili limekaa juu ya daraja la barabara kuu ambalo halikumalizwa: magome, mizizi, ngozi, na waganga wakinong'ona na wateja wao. Hatua chache mbele kina mama wanachemsha mahindi kwa mapipa, na wengine wanapika vichwa vya ng'ombe, nyama ikikatwa mbele yako na kuliwa kwa chumvi. Hapo usiende peke yako siku ya kwanza. Wapo waongozaji wanaofahamiana na wachuuzi, na ukiwa nao unasalimiwa.

Vuka upande wa soko la viungo. Wahindi wa kwanza wa mkataba walishuka Durban kwa meli ya Truro tarehe 16 Novemba 1860, wakapelekwa kwenye mashamba ya miwa, na pilipili yao ikabaki. Kuna mchanganyiko mmoja mkali unaouzwa kwa jina la kumwangamiza mama mkwe. Nilinunua. Mama mkwe wangu yuko Muheza na hajaambiwa. Chakula cha mji ni bunny chow: nusu au robo ya mkate uliotobolewa katikati na kujazwa mchuzi wa kondoo au maharage, unaoliwa kwa mkono, kipande cha mkate kilichotolewa kikitumika kuchovya. Hatua chache kutoka hapo upo Msikiti wa Juma wa Grey Street, ulioanzishwa 1881.

Msikiti huo ndio ulionifikisha mtaa wa Chatsworth. Mwaka 1873, mwaka ambao Sultani Barghash alilazimishwa kulifunga soko la watumwa la Unguja, manowari ya Waingereza ilishusha Durban zaidi ya watu mia moja waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Hadi 1880 walikuwa wamefika mia kadhaa. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Unguja waliitwa Wazanzibari. Uhuru wao ulianza kwa mkataba wa kazi, jambo linalonifanya nitilie shaka huruma ya waliowakomboa. Waislamu wa Grey Street waliwapatia ardhi Kings Rest, kwenye kilima cha Bluff kinachotazama bandari, wakajenga msikiti na kuzika wafu wao hapo. Serikali ya ubaguzi ilipogawa maeneo kwa rangi haikujua iwaweke wapi watu weusi, Waislamu, wenye asili ya mbali. Ikawaandika "Waasia wengine", na miaka ya 1960 ikawahamishia Bayview, Chatsworth, kati ya Wahindi. Mpaka leo wapo, na wazee wao bado wanazungumza Kimakua. Nilipojitambulisha kuwa natoka Tanga, mzee mmoja nje ya msikiti aliuliza kama bado tunasoma maulidi. Kabla sijajibu nikawa nimeshaletewa chai.

Kiswahili chenyewe utakisikia pia mjini kati: Wakongo wanaolinda magari ya watu maegeshoni, wafanyabiashara wa Kitanzania na Kiburundi, na vijana wa Dar waliofika kwa kuzamia meli na sasa wanasubiri meli nyingine eneo la Point.

Mtanzania haombi viza kwa ziara isiyozidi siku 90, na Mkenya naye hivyo tangu Januari 2023. Nenda Mei mpaka Agosti, mvua ikiwa chache na joto la kuvumilika. Tembea mchana, usiku panda teksi ya kuitwa kwa simu, na simu yenyewe usiitoe barabarani, kama usivyoitoa Kariakoo. Na ukipata asubuhi moja tu, achana na maduka makubwa ya Umhlanga, ambayo ni Sandton nyingine yenye bahari, uende Warwick kisha Chatsworth.