Kufufua Pikipiki Kuukuu (Sehemu ya Pili): Injini Kwanza, Rangi Baadaye

Sehemu ya kwanza ilihusu karatasi: kadi ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, na sababu ya kutotoa hata shilingi kabla hujazilinganisha zote tatu. Leo tunashika spana.

Mfano wetu unabaki ule ule, Honda CG125. Honda iliitoa mwaka 1976, na kabla ya kuichora, wahandisi wake walikwenda kuangalia pikipiki zao zinavyotumika katika nchi za Asia, zikiwemo Thailand, Iran na Pakistan. Walichokiona hakikuwafurahisha. Pikipiki moja ilibeba familia nzima pamoja na mizigo, oili ilikaa humo hadi ikawa tope, cheni haikuwahi kuguswa. Badala ya kuwasomesha watu, wakaibadilisha injini. Cheni ya taimingi wakaiondoa. Valvu zikawa zinasukumwa na vijiti viwili vinavyopanda kutoka chini, na kemu ikazungushwa kwa meno moja kwa moja. Cheni ya nyuma wakaifungia ndani ya kava.

Mtu wa hapa kwetu Lusu hahitaji kwenda Pakistan kuyaelewa hayo. Pikipiki hapa inabeba mpunga kutoka mbugani, inabeba viroba vya mawe ya wachimbaji wadogo kwenda kwenye karasha, na kiangazi inavuta vumbi kutwa. Injini iliyobuniwa kwa ajili ya mwenyewe asiye na nafasi ya kuihudumia imefika mahali pake.

Baadaye viwanda vya China viliiiga injini hiyo bila kuchoka, na nakala zake zikamwagika nchini pamoja na bodaboda. Wapo wanaozidharau. Mimi nasema zimeziokoa Honda za zamani, maana pistoni, gasketi, sahani za klachi na waya za nakala hizo nyingi zinaingia kwenye injini ya Kijapani iliyotengenezwa kabla mnunuzi hajazaliwa. Nyingi, si zote. Nenda dukani na kifaa chako cha zamani mkononi, ukipime na kipya hapo hapo kaunta, usikubali kuambiwa "inaingia tu hiyo, mzee".

Sasa kazi. Pikipiki iliyolala miaka mingi usiipige kiki. Ringi zinaweza kuwa zimeshikana na silinda kwa kutu, na nguvu ya mguu itazivunja. Fungua plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, iache ilale humo siku kadhaa. Kisha weka gia ya juu kabisa, usukume tairi la nyuma taratibu, mbele na nyuma, hadi injini iachie yenyewe. Ikiachia, mwaga oili yote pamoja na dizeli hiyo.

Hapo ndipo mafundi wengi huweka oili mpya na kuendelea. Wanasahau kitu kimoja ambacho ndicho roho ya injini hii. CG125 haina filta ya oili ya karatasi. Ina wavu mdogo, na ina kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki, ambacho kwa kasi yake hurusha uchafu pembeni ukaganda kwenye kuta. Kukifikia lazima ufungue kava la upande wa kulia, kwa hiyo hakifikiwi. Kifungue. Utakuta ukoko mweusi mgumu wa miaka yote ya pikipiki hiyo. Ukwangue kwa kijiti, osha kwa petroli, weka gasketi mpya. Oili yenyewe ni kama lita moja tu, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutoibadilisha mara kwa mara.

Silinda ikiwa imelika, isichongwe kabla hujashika pistoni mpya mkononi. Pistoni ya kawaida ni milimita 56.5, na za ukubwa wa kuongezwa hupanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, hadi 1.00. Fundi wa mashine achonge kuifuata pistoni uliyonunua, kwa sababu pistoni mbili zenye maandishi sawa hazilingani daima. Wakati wa kuifunga, herufi IN zitazame upande wa kabureta.

Vijana hupenda kuruka hatua hii na kuweka silinda ya 150, yenye pistoni ya milimita 62. Inawezekana, lakini mdomo wa nyumba ya injini lazima utanuliwe, na ukishautanua hakuna kurudi nyuma. Sishauri.

Marekebisho yenye maana huku kwetu ni mengine. Pandisha madigadi ya mbele: udongo mweusi wa mbugani hujaa kati yake na tairi hadi gurudumu likagoma. Weka sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Utapoteza kasi kidogo, utapata nguvu ya mzigo. Imarisha keria kwa kuichomelea vizuri, lakini ondoa nyaya za betri kwanza. Vijana wa London wa miaka ya 1950 na 1960, waliokusanyika Ace Cafe, walizivua pikipiki zao kila kisichohitajika ili zikimbie. Sisi tunaongeza, ili zibebe, na hakuna aibu katika hilo.

Wiki ijayo tutaingia kwenye umeme: koili, pointi, na namna ya kutoka volti 6 kwenda 12. Rangi tutaijadili mwisho kabisa. Ukiwa na haraka nayo, jua kwamba rangi ikibadilika, taarifa zake TRA nazo hubadilishwa, na trafiki atakayekusimamisha njiani atasoma kadi kabla hajaisifia pikipiki yako.