Ukihama Nchi, Usiiache Akiba Yako

Pensheni ya baba askari hutoka serikalini. Lakini kijana wake aliyeajiriwa na kampuni mjini Kampala ana hesabu nyingine. Kila mwezi mshahara wake hukatwa mara mbili. Kwanza ni kodi ya mapato. Kodi iliyokatwa sawasawa hairudishwi kwa sababu mtu amehama. Pili ni mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF): yeye hutoa asilimia 5, na mwajiri huongeza asilimia 10. Hiyo ni akiba yake, pamoja na faida yake.

Mwanachama anayeihama Uganda kabisa aweza kuidai akiba hiyo kabla ya kutimiza miaka 55, akitoa uthibitisho wa kuhama. Lakini aendaye Dubai kwa mkataba wa miaka miwili hajahama kabisa. Akiba yake yabaki ikimngoja.

Wazazi, kabla kijana hajaondoka, hakikisheni anayo namba yake ya uanachama, na kwamba mwajiri amepeleka michango yote. Kumdai mwajiri ukiwa ng'ambo ni taabu; kumwuliza leo ni hatua chache tu.