Mpake Mafuta

Mwanamke wa kwanza niliyemuunda kwenye kompyuta alikuwa muuza mboga wa Githurai 45. Nilimsimamisha kando ya reli, sukuma wiki mbele yake, leso kiunoni. Umbo lilinichukua wiki tatu, ngozi nusu saa. Nilichukua ngozi ya mwanamke wa Kizungu iliyokuja na programu, nikaifunika kwa tabaka moja la rangi ya kahawia, nikaona kazi imekwisha. Jirani yangu, mama ambaye mwenyewe huuza mboga sokoni, alikuja kuazima chaja akatupia macho skrini.

"Kijana wangu, mbona huyu amepauka hivi? Mpake mafuta."

Nilicheka. Baadaye sana ndipo nilipotambua kwamba mama yule alikuwa ametaja kosa na dawa yake kwa maneno machache kuliko kitabu chochote nilichosoma.

Umbo la kidijitali ni ganda tupu. Ngozi yake ni picha bapa zinazovishwa ganda hilo, kama fundi wa cherehani anavyokata kitambaa vipande vipande kisha akakishona kikakaa mwilini. Picha moja mara nyingi huwa na pikseli 4,096 kila upande, yaani zaidi ya milioni 16. Juu ya picha hiyo ya msingi tunaweka matabaka mengine: madoadoa, makovu, vipodozi, jasho, vumbi. Kila tabaka hufunika mahali fulani na kuachilia pengine, kwa hiyo sura ile ile unaweza kuiremba au kuizeesha bila kuugusa msingi. Wachoraji wa matatu wanaijua kazi hii kwa mkono. Uso wa mwanamuziki ubavuni mwa gari hupulizwa rangi nyembamba juu ya nyingine mpaka shavu linatokeza.

Tatizo ni kwamba ngozi ya kweli haifanyi kazi kama rangi ya gari. Waswahili humwita mtu wa ngozi ya kahawia maji ya kunde, na msemo huo una sayansi ndani yake. Maji ya kunde si rangi iliyopakwa juu ya kitu. Ni mchuzi: mwanga huingia, hutangatanga, kisha hutoka ukiwa umebadilika. Ndivyo ilivyo ngozi. Mwanga hupenya ngozi ya juu yenye melanini, hufika chini kwenye damu, hutawanyika huko, na mwingine hurudi nje ukipita tena kwenye melanini ile ile. Hutozwa ushuru mara mbili. Mwaka 2001 mtafiti Henrik Wann Jensen na wenzake watatu walichapisha njia nafuu ya kuikokotoa safari hiyo, na mwaka uliofuata watazamaji wa filamu ya The Two Towers waliona ngozi ya mhusika Gollum ikipitisha mwanga kama nyama hai. Kabla ya hapo, watu walioundwa kwa kompyuta walifanana na wanasesere wa plastiki.

Tabaka langu la kahawia halikujua lolote kuhusu safari hiyo. Lilikaa juu kama koti la mvua.

Zaidi ya hayo, matabaka mengi yanayouzwa mtandaoni yalitengenezwa yakijaribiwa kwenye ngozi nyeupe. Njia inayotumika sana kuyachanganya ni kuzidisha: kila pikseli ni namba kati ya 0 na 1, na programu huzidisha namba ya tabaka kwa namba ya ngozi iliyo chini. Chukua doa lenye thamani ya 0.7. Kwenye ngozi nyeupe ya 0.8 unapata 0.56, tofauti ya 0.24, na jicho linaliona mara moja. Kwenye ngozi nyeusi ya 0.2 unapata 0.14, tofauti ya 0.06 tu. Umelipia doa, nalo limezama. Msanii akiona hivyo huongeza nguvu ya tabaka, na ngozi inageuka masizi.

Mimi sasa huchukua umbile la doa peke yake, nikalitilia rangi upya kwa kutazama watu wa hapa. Kovu kwetu mara nyingi ni jeusi kuliko ngozi inayolizunguka, au limevimba na kung'aa. Ukilipaka waridi umemchora mtu wa kwingine. Viganja na nyayo vina melanini kidogo. Vifundo vya vidole na viwiko huwa vyeusi zaidi. Hayo hayawezi kutoka kwenye tabaka moja linalofunika mwili mzima sawasawa.

Lakini siri kubwa ni ile ya mafuta. Mwanga ukiipiga ngozi moja kwa moja, karibu asilimia 3 hurudi papo hapo bila kuingia, awe mtu mweusi au mweupe. Kwa mweupe, mng'ao huo humezwa na mwanga mwingi unaotoka ndani. Kwa mweusi, unaotoka ndani ni mchache, hivyo mng'ao ndio unaolieleza jicho pua imeanzia wapi na shavu limeishia wapi. Ngozi ikikauka, vigaga vidogo huutawanya mwanga kila upande kabla haujakutana na melanini, na ukungu wa kijivu hutanda. Huko ndiko kupauka. Mafuta huvilaza vigaga. Kila mzazi wa hapa aliyewahi kumsugua mtoto mafuta ya Arimis usoni kabla ya shule alikuwa akirekebisha kile ambacho mimi hukiita tabaka la mng'ao.

Kuna jambo lingine linaloniuma. Programu yangu iliuita weupe msingi na weusi nyongeza. Mwilini hakuna kitu kama hicho: seli zinazotengeneza melanini ni karibu idadi ile ile kwa watu wote, kinachotofautiana ni wingi na ukubwa wa chembe zake. Ng'endo Mukii, msanii wa Nairobi aliyeongoza filamu ya Enkai katika mkusanyiko wa filamu wa Kizazi Moto wa 2023, alitengeneza mwaka 2012 filamu fupi ya Yellow Fever kuhusu wanawake wa Kiafrika na shinikizo la kuwa weupe. Kila nikifungua maktaba ya ngozi huikumbuka. Upande wa pili yuko Shudu, mwanamitindo mweusi wa kidijitali aliyeundwa mwaka 2017 na mpiga picha Mwingereza, Cameron-James Wilson. Wengi walimdhania mtu halisi, na kwa maoni yangu mng'ao wa ngozi ndio uliowaaminisha. Wengi pia waliuliza kwa nini aliyelipwa kwa uzuri ule hakuwa mwanamke mweusi. Swali hilo ni la haki.

Nilimjenga upya muuza mboga wangu kuanzia chini: damu, melanini, mng'ao wa paji na pua, kisha vumbi la reli kwenye vifundo vya miguu, mahali ambapo mng'ao lazima ufe. Jirani alipokuja tena alimtazama kwa muda, akaninyooshea kidole gumba chake cha mkono wa kulia. Kwenye mikunjo ya ngozi na pembeni mwa ukucha kulikuwa na weusi wa kijani usiotoka kwa sabuni.

"Anakatakata sukuma kutwa," alisema, "na vidole vyake ni safi hivi?"

Nimefungua tabaka jipya.