Tuijue Kompyuta (4): Njia za mkato kwenye dirisha la amri

Wiki iliyopita tuliiona amri ya cd, ile inayotutoa folda moja na kutupeleka nyingine. Mwanafunzi wa kompyuta, awe Chuo Kikuu cha Mount Kenya pale Thika au Zetech kule Ruiru, huandika cd ~/masomo/mwaka2/mitandao/mazoezi kutwa nzima. Abiria anayepanda matatu Thika humwambia makanga "Ruiru" tu. Hamtajii Witeithie wala Juja. Na kompyuta nayo inafundishika hivyo.

Wengi huanzia kwa alias, yaani jina fupi la amri ndefu. Fungua faili la .bashrc lililo katika folda yako kuu, kisha uongeze mstari huu:

alias mazoezi='cd ~/masomo/mwaka2/mitandao/mazoezi'

Fungua dirisha jipya, andika mazoezi, na umefika. Alias si jambo jipya: ilikuwamo katika C shell, aliyoitunga Bill Joy mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Bash, tunayoitumia leo kwenye Linux, ilikuja 1989. Kwenye kompyuta mpya za Apple, faili lenyewe ni .zshrc.

Lakini alias ina kero yake. Kila kazi mpya hudai mstari wake, na baada ya muhula mmoja faili limejaa vifupisho ambavyo hata mwenyewe huvikumbuki. Mimi napendelea CDPATH, orodha ya folda ambamo cd hutafuta, nayo huandikwa katika faili lile lile:

CDPATH=.:~/masomo/mwaka2

Kuanzia hapo, popote ulipo, cd mitandao itakufikisha, na kesho ukiunda folda ya hesabu humo humo, cd hesabu itafanya kazi bila kugusa faili lolote. Ile nukta ya mwanzo usiiache. Ndiyo inayoiambia bash itafute kwanza hapo ulipo. Bila hiyo, folda ya mbali yenye jina lile lile itaipiku iliyo mbele yako. Tena usitangulize neno export, kwa sababu programu nyingine zitairithi CDPATH na kujikuta katika folda zisizokusudiwa. Kosa hilo ni gumu kulibaini.

Ukitaka kurudi ulikotoka, andika cd na kistari: cd -. Hiyo haihitaji maandalizi yoyote.

Kabla ya kuligusa .bashrc, tengeneza nakala yake. Wiki ijayo tutazitazama pushd na popd.