Sato Asivushwe Mlima

Mvua ikinyesha kwenye milima ya Uporoto, kusini-mashariki mwa jiji la Mbeya, matone yaliyoanguka jirani huagana: mengine hushuka na Kiwira hadi Ziwa Nyasa, mengine hufuata Songwe hadi Rukwa, mengine hushukia tambarare ya Usangu, yakawa Ruaha Mkuu unaopita Iringa kuelekea Rufiji. Ndiyo maana Rukwa ina perege wake na Rufiji wake. Leo ndoo ya vifaranga vya sato, jamaa ya perege aliyeletwa kutoka nje ya mabonde haya, huuvuka mpaka huo wa maji nyuma ya pikipiki kwa saa chache. Mwaka 2013 watafiti waliripoti sato katika bonde la Nyasa, na utafiti wa 2019 ulimkuta katika mabonde mengi ya Tanzania.

Sangara wa Ziwa Victoria alitufundisha kumwogopa mgeni kwa meno yake. Sato hahitaji kumla perege, anamuoa. Chotara wao nao huzaa, hata mwenyeji akatoweka huku nyavu zimejaa. Mkia wa sato una mistari myeusi ya wima, imepangika kama meno ya kitana. Wa perege wa Rufiji hauna. Wa chotara huweza kuwa wa namna yoyote, na wengine hawatambuliki bila maabara.

Kwa hiyo dawa iliyofaulu Afrika Kusini haitufai. Katika mto Rondegat, mwaka 2012 na 2013, wataalamu walitia rotenoni, sumu inayopatikana pia kwenye utupa wetu, wakaangamiza samaki aina ya besi walioletwa kutoka Marekani; samaki wenyeji wakarudi. Lakini kilikuwa kipande kifupi, kimezibwa juu na chini. Usangu wakati wa masika nani ataizungushia ukuta? Na utupa hauchagui kati ya perege na chotara. Mlango wa kufunga ni wa vituo vya vifaranga: kila bonde lifuge samaki wake, tukianzia kwenye maziwa madogo ya volkano kama Kyungululu, Rungwe, lenye perege wake wa pekee.

Mfugaji atasema sato hukua haraka, na hasemi uongo. Ila sehemu ya ukuaji huo ni matunda ya miaka mingi ya kuchagua wazazi, na perege wetu hajapewa nafasi hiyo. Tena ana hazina: huko Malacca, katika Malaysia ya leo, mwaka 1960, iliripotiwa kwamba dume la perege kutoka Zanzibar, ndugu wa yule wa Rufiji, akipandishwa na jike la perege wa Msumbiji huzaa madume matupu. Mfugaji yeyote ambaye bwawa lake limewahi kujaa vitoto vya kidole kimoja anajua thamani ya madume matupu.