Kabla Hedi Haijapinda: Sensa Mpya kwa Land Cruiser ya Zamani

Katika gereji za jua kali, kuanzia Kibera hadi Dagoretti Corner na Kawangware, mteja wa siku hizi akifika huuliza kwanza: "Fundi, uko na mashine ya kupima?" Ni swali la haki kwa mwenye Toyota Fielder iliyotoka Japani juzi. Fundi huchomeka kifaa chini ya usukani, husoma nambari za hitilafu, na kazi huanzia hapo. Lakini akija mwenye Land Cruiser ya mwaka 1993 yenye injini ya 1HZ, mashine hiyo, hata iwe ya bei gani, haina pa kuchomekwa. Gari lenyewe halina kompyuta ya injini.

Hata hivyo wenye magari haya huuziwa vifaa vya kuskani kila uchao, na vifaa hivyo huishia kwenye droo. Kitakachowaokolea injini ni vipima vichache tu, vilivyofungwa mahali panapofaa na mtu anayeijua injini.

Tuanze na injini yenyewe. 1HZ ilitoka mwaka 1990: silinda sita, cc 4,164, dizeli, haina turbo. Pampu yake inasukumwa na gia za injini na kupima mafuta kwa springi na vyuma. Umeme unaofika kwenye pampu kazi yake kubwa ni kufungua na kufunga mafuta unapozungusha ufunguo. Ndiyo sababu polisi, mashirika ya misaada, kampuni za watalii na wafugaji wa kaskazini waliipenda: ikizima Marsabit au Lodwar, mtu mwenye spana na akili timamu anaweza kuiwasha. Land Rover zenye injini ya 300Tdi, iliyoanza mwaka 1994, ni za ukoo huo huo.

Kwa injini za namna hii, mashine ya kupima amekuwa fundi mwenyewe. Anasikiliza mlio wa nozeli moja isiyopuliza sawa, ananusa moshi, anashika paipu ya rejeta kwa kiganja ajue kama thamostati imefunguka, anachomoa kijiti cha oili na kukisugua kati ya vidole. Hiyo ni elimu iliyojengwa kwa miaka mingi na siidharau hata kidogo. Tatizo ni kwamba fundi yuko Kawangware, na gari linachemka kwenye mlima wa Mai Mahiu. Dereva akiuona mvuke, hedi imeshapinda. Kazi ya sensa ni kukaa na injini pale ambapo fundi hayupo.

Mfumo ambao mashine za leo zinausoma ulitokana na sheria za hewa safi. Marekani ililazimisha kila gari dogo jipya la kuanzia mwaka 1996 liwe na plagi ya pini 16 na lugha ya nambari inayofahamika na wote. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, na miaka michache baadaye kwa dizeli. Kenya, kwa kuwa hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka 8, leo inapokea magari yenye plagi hiyo karibu yote. Ila magari yaliyoingia au kuunganishwa hapa kabla ya wakati huo bado yako barabarani, na yale ya magurudumu manne ndiyo yanayodumu kuliko mengine.

Kati ya makundi hayo mawili kuna kundi la katikati, ambalo wengi hulisahau. Prado yenye injini ya 1KZ-TE, kwa mfano, ina pampu inayoongozwa na kompyuta, ila haikubaliani na kifaa cha bei rahisi cha bluetuthi. Usikate tamaa. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa herufi za vituo vyake. Unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikimulika mfululizo kwa mwendo ule ule, kompyuta haijaweka hitilafu yoyote. Ikimulika mara mbili, ikatulia kidogo, ikamulika mara mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. Kinachohitajika ni waya wa urefu wa kidole na karatasi yenye orodha ya nambari. Kila gereji inayopokea Toyota za miaka ya tisini ingebandika orodha hiyo ukutani.

Na umbo la plagi lisikudanganye. Land Rover yenye injini ya Td5, iliyoanza mwaka 1998, ina plagi ya pini 16 kama wenzake, lakini kompyuta yake inazungumza lugha ya kiwandani na inadai ufunguo wa siri kabla ya kujibu. Kifaa cha kawaida kitachomekwa vizuri, kitawaka taa, na hakitaambiwa lolote. Hapo unahitaji kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya Land Rover.

Sasa turudi kwa 1HZ, isiyo na kompyuta kabisa. Kama nina nafasi ya kufunga sensa moja tu, nitafunga ya joto, na nitaifunga kwenye chuma cha hedi.

Geji iliyokuja na gari haitoshi kwa sababu mbili. Kwanza, katika Toyota nyingi sindano imetengenezwa ikae katikati kwa muda mrefu, joto likipanda na kushuka bila yenyewe kusogea, ili dereva asisumbuke bure. Ikianza kupanda, mambo yameshaharibika. Pili, na hili ndilo limeua injini nyingi zaidi, sensa ya kiwandani inapima maji. Paipu ikipasuka na maji yakatoka yote, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na sindano inaweza kushuka. Dereva anaiona imeshuka, anamshukuru Mungu, anakanyaga. Chuma cha hedi hakina njia ya kudanganya namna hiyo. Sensa yenye tundu la bolti, ikifungwa kwenye bolti iliyoingia kwenye chuma cha hedi karibu na mahali maji yanapotokea, itaendelea kusema kweli hata rejeta ikiwa tupu.

Nairobi inaongeza jambo la tatu. Jiji liko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hewa ni nyepesi, maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, wala si 100. Rejeta yenye kifuniko kizima cha baa 0.9 huyabana maji hadi yavuke nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Kifuniko kikichoka raba, kinga hiyo yote inapotea, na injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu inabaki na nafasi ya nyuzi kumi tu. Gari lile lile Mombasa lingevumilia kidogo zaidi. Nimeshangaa ni mara ngapi tatizo la "gari linachemsha" lililofunguliwa hedi kwa gharama kubwa lilikuwa tatizo la kifuniko.

Mwinuko huo huo unawakosesha vijana wanaorekebisha sensa nyumbani. Wanachemsha maji kwenye sufuria, wanatumbukiza sensa, wanaiambia programu kwamba hiyo ni nyuzi 100. Kumbe ni 94, na tangu hapo kipima chao kinasoma juu kuliko ukweli. Tumia kipimajoto cha kweli ndani ya sufuria hiyo hiyo. Ukiwa na multimita unaweza hata kuhakiki sensa kabla ya kuinunua: sensa ya maji ya Toyota huwa na ukinzani wa kilo-ohm 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi 0.2 au 0.4 kwenye nyuzi 80. Ile ambayo haishuki irudishe kwa muuzaji.

Baada ya joto, shinikizo la oili. Taa nyekundu ya oili huwaka shinikizo likiwa limekaribia kwisha, na wakati huo beringi za kranki zinakuwa zimeshaanza kulia. Sensa ya shinikizo inayotoa volti kati ya 0.5 na 4.5 hupatikana kwa urahisi na hufungwa kwa kiungo cha njia tatu mahali pa swichi ya zamani, swichi ikibaki kazini. Dizeli za Toyota za aina hii hutakiwa kuonyesha angalau baa 2.5 hivi kwenye mizunguko 3,000. Nambari yenyewe si muhimu kama mwenendo wake. Injini iliyokuwa ikitoa baa 4 mwaka jana na leo inatoa 3 kwa oili ile ile inakwambia jambo.

Joto la moshi ni la wale waliofunga turbo juu ya 1HZ ili ipande milima bila kuhema. Injini hiyo haikuzaliwa na turbo. Ukiongeza mafuta bila kupima moshi unayeyusha pistoni bila kujua. Sensa yake inawekwa kwenye manifoldi, kabla ya turbo, na dereva mwenye busara huanza kulegeza mguu ikikaribia nyuzi 700. Hapa kuna kosa ninaloliona mara kwa mara. Waya wa sensa hii umetengenezwa kwa metali mbili maalumu na hutoa umeme mdogo mno, milivolti 29 tu kwenye nyuzi 700. Ukiwa mfupi, fundi huurefusha kwa waya wa kawaida wa shaba, na usomaji unapotoka papo hapo. Nunua wenye urefu unaokutosha, au urefushe kwa waya wa aina ile ile.

Sehemu ya elektroniki ndiyo rahisi kuliko zote. Bodi ndogo kama ESP32, iliyotolewa na kampuni ya Espressif ya Shanghai mwaka 2016, ina bluetuthi ndani yake, na kwenye maduka ya Luthuli Avenue hukosi bodi za aina hiyo. Inasoma sensa, inapeleka nambari kwenye simu, na inaliza buza kikomo ulichoweka kikivukwa. Mizunguko ya injini unaipata kwenye tamino ya W ya alteneta. Ipe bodi kisoma-volti cha pembeni, kwa kuwa kile cha ndani yake hakinyooki, na ipe buza waya wake yenyewe isitegemee simu. Simu huzima, hupigiwa, huibwa.

Kinachoua bodi hizi ni umeme wa gari na desturi za gereji. Kuna mazoea ya kuchomoa tamino ya betri injini ikiwaka ili kujua kama alteneta inachaji. Kwenye gari lisilo na elektroniki mazoea hayo mara nyingi yalipita salama. Ukiyafanya kwenye gari lenye bodi, volti zinaruka kwa ghafla hadi makumi kadhaa, na bodi inakufa hapo hapo. Pima alteneta kwa multimita: injini ikiwaka, betri ionyeshe kati ya volti 13.8 na 14.4. Vivyo hivyo kwa kuchomelea: kabla ya welda kugusa chasisi, chomoa betri na uchomoe bodi. Na weka fyuzi yake peke yake, pamoja na kikinga-volti, mwanzoni mwa waya.

Jaribio la mwisho ni la kuwasha taa. Injini ikiwa imetulia, washa taa kubwa huku ukitazama usomaji wa joto. Ukiruka nyuzi kadhaa kwa mara moja, injini haijapata moto. Waya wa hasi ni mbovu. Uondoe kwenye mabati ya gari, kwangua rangi na kutu, uufunge kwenye chuma cha injini yenyewe.

Kazi hii inahitaji watu wawili ambao katika mtaa mmoja hawajuani. Mmoja amefungua 1HZ mara zisizohesabika na anajua ni bolti ipi kwenye hedi inayopata joto kwanza. Mwingine ni kijana aliyejifunza kuandika programu na kuchomelea saketi. iHub, kituo cha wanateknolojia, ilifunguliwa Ngong Road mwaka 2010, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kibera, na tangu hapo vijana wengi wamepata ujuzi huo, lakini wengi wao wanatengeneza programu za malipo. Fundi akifunga sensa bila kijana, anapata nambari asizoziamini. Kijana akifunga bila fundi, anapima joto mahali pasipo na maana. Ningependa kuona wakigawana malipo ya kazi moja, gari kwa gari.

Na wakishamaliza, nambari ziandikwe. Chukua daftari, andika joto la hedi na shinikizo la oili gari likiwa zima: asubuhi likiwa baridi, kwenye foleni ya Ngong Road, na kwenye mlima ukiwa na mzigo. Bila kumbukumbu hiyo, nyuzi 98 haina maana yoyote. Ukiwa nayo, utajua kwamba mlima ule ule mwezi uliopita ulikupa 91.

Mwenye 1HZ, ukienda gereji wiki hii, acha kuulizia mashine ya kupima. Mwambie fundi abadilishe kifuniko cha rejeta, afunge sensa kwenye hedi, na aweke buza utakayoisikia hata madirisha yakiwa wazi.