Wanyamapori: Mwache mtoto ajifunze kwa mikono yake

LEO jioni mwite mwanao umwombe akutajie wale wanyama watano mashuhuri ambao watalii huvuka bahari kuja kuwatazama nchini mwetu. Atakujibu kabla hujamaliza swali: simba, ndovu, nyati, chui na kifaru. Majina hayo ameyakariri darasani na anayajua kama anavyolijua jina lake.

Sasa mwulize swali la pili. Yule ndege aliyempokonya chapati wakati wa mapumziko shuleni anaitwaje? Hujenga kiota chake wapi? Hula nini siku ambayo hakuna chapati? Hapo utamwona mtoto akikuna kichwa. Ndege huyo ni mwewe, naye ni mnyamapori sawa na simba, ila yeye huja hadi uani kwako.

Kosa si la mtoto. Sisi wakubwa ndio tuliomfunza kwamba mnyamapori ni picha kitabuni, au kitu cha kuchunguliwa kupitia dirisha la basi mara moja kwa mwaka, iwapo mzazi amepata nauli ya safari hiyo. Mtihani ukishapita, picha nayo hufutika.

Lakini hebu fikiria. Mtoto huyo wa mjini ndiye kesho atakayekuwa mhandisi wa kuamua barabara ipite wapi, mnunuzi wa ploti, mpiga kura na mbunge. Mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1946, ina ukubwa wa kilomita 117 mraba tu. Jiji limeibana na reli ya kisasa imepitishwa juu ya daraja ndani yake. Atakayeamua hatima ya mbuga hiyo miaka ishirini ijayo yuko darasani sasa hivi. Je, ataamua kwa kukumbuka picha?

Waama, samaki mkunje angali mbichi. Zifuatazo ni shughuli nne ambazo mwalimu yeyote, au mzazi siku ya Jumamosi, anaweza kuzifanya na watoto. Hazihitaji basi wala kiingilio. Zinahitaji uzi, mahindi, kadi chache na subira.

Uzi juu ya nyasi

Wagawe wanafunzi katika vikundi vya watu watano. Kila kikundi kipewe uzi wa mita nne, kiutandaze juu ya nyasi ili ufanye mraba wa mita moja kila upande. Kwa dakika ishirini kazi yao ni moja tu: kutafuta na kuandika kila kiumbe kilichomo ndani ya mraba huo. Asiyejua jina la mdudu na amchore.

Watakuta sisimizi wakikokota makombo, buibui, kiwavi, konokono, na nyungunyungu chini ya jiwe. Baadaye wauhamishe uzi hadi penye saruji au penye taka, wahesabu tena. Tofauti ya hesabu hizo mbili itawaeleza maana ya kuharibu makao ya viumbe kuliko ukurasa mzima wa maelezo ubaoni.

Huenda wakamkuta kinyonga kwenye ua. Hapo ndipo penye kazi. Watoto wengi wamesikia nyumbani kwamba kinyonga ni kiumbe cha mkosi, na kwamba bundi akilia juu ya paa basi kuna mtu atakayekufa. Ndiyo sababu huwapiga mawe. Usiwakemee. Waambie wasimame kimya hatua mbili kutoka alipo, wayatazame macho yake, jinsi moja linavyoweza kutazama mbele na jingine nyuma. Wakingoja, pengine watauona ulimi ukifyatuka na kumnasa nzi. Hana sumu. Katika bustani za Nairobi kuna hata aina ambayo dume lake lina pembe tatu usoni, moja zaidi ya kifaru! Na bundi naye, anayelaumiwa kwa kila msiba mtaani, kazi yake ya usiku ni kuwinda panya. Mtoto akishayajua hayo, jiwe litamwanguka mkononi lenyewe.

Punje za mahindi

Shughuli ya pili ni ya hesabu. Hesabu punje 200 za mahindi, uzimwage mezani. Kila punje ni vifaru weusi 100. Hao ndio vifaru wapatao 20,000 waliokadiriwa kuwa nchini Kenya mwaka wa 1970.

Mwite mtoto mmoja awe jangili. Aondoe punje hizo, kiganja baada ya kiganja, hadi zibaki nne tu. Huko ndiko tulikofika mwishoni mwa miaka ya 1980: vifaru weusi wasiofika 400 nchi nzima. Mtoto sasa haoni tarakimu tena, anaona meza tupu.

Usiishie hapo, kwani mtoto anayefunzwa huzuni peke yake hukata tamaa. Mwite mwingine azirudishe punje, moja moja, polepole, mpaka zikaribie kumi. Hiyo ndiyo hali ya miaka ya karibuni, baada ya ulinzi wa usiku na mchana wa askari wa wanyamapori. Kisha uliza: Mbona kuondoa punje 196 kulichukua chini ya miaka 20, ilhali kurudisha hizi chache kumechukua zaidi ya miaka 30? Wape kidokezo kwamba kifaru mweusi hubeba mimba miezi 15 au zaidi, na huzaa ndama mmoja tu.

Mwishowe weka punje mbili peke yake, na safari hii kila punje iwe mnyama mmoja. Hizo ni Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini waliobaki Ol Pejeta, Laikipia, baada ya Sudan, dume la mwisho, kufa mwezi Machi 2018. Wote wawili ni majike. Hapo kujumlisha hakusaidii tena, na wanasayansi wamelazimika kuhangaika na mayai na mbegu katika maabara.

Utando wa maisha

Wanafunzi kumi wasimame kwa mviringo, kila mmoja akiwa na kadi kifuani: jua, nyasi, panzi, panya, bundi, swara, ng'ombe, simba, tumbusi na mfugaji. Jua ashike ncha ya uzi na kuwarushia nyasi donge. Nyasi amrushie anayemla, naye amrushie anayemla yeye au anayemtegemea. Uzi urudi na kupita hadi wote wafungamane kama utando wa buibui.

Sasa mwalimu aseme: "Mzoga wa ng'ombe umetiwa sumu." Simba na tumbusi wachuchumae bila kuachilia uzi. Kila anayehisi uzi ukimvuta naye achuchumae. Haichukui muda kabla ya mviringo wote kuwa chini.

Huu si mchezo wa kubuni tu. Mwezi Desemba 2015, katika Masai Mara, mzoga uliotiwa sumu uliwaua simba wa kundi lililojulikana ulimwengu mzima kupitia televisheni. Sumu ya aina hiyo haimchagui wa kumuua. Tumbusi, tai huyo mla mizoga ambaye watoto humwona mbaya wa sura, ana tumboni asidi kali inayoweza kuua viini vya magonjwa kama kimeta. Asipokuwapo, mizoga huachiwa nzi na mbwa, na mwisho wa yote sisi binadamu ndio tunaougua.

Mfugaji naye asikizwe

Watoto wakiishia hapo watatoka darasani wakimchukia mfugaji, nayo itakuwa dhuluma. Mtoto wa mjini hajawahi kuamka akakuta ng'ombe aliyetegemewa kwa karo ameraruliwa zizini. Basi geuzeni darasa liwe baraza. Mmoja awe mfugaji, mwingine mkulima ambaye ndovu wamemaliza mahindi yake, mwingine askari wa wanyamapori, mwingine mwenye hoteli ya kitalii. Kila mmoja apewe dakika tatu za kujitetea. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imetaja fidia kwa waathiriwa. Waulize, fidia ikichelewa, mfugaji ale nini? Wasiruhusiwe kutoka barazani kabla ya kutoa pendekezo moja.

Wakikwama, wasimulie kisa cha Richard Turere. Kijana huyu wa Kimaasai alikulia karibu na Mbuga ya Nairobi, akichunga ng'ombe wa baba yake. Simba walikuwa wakivamia usiku. Alijaribu moto, lakini ukawasaidia simba kuona zizini. Akasimamisha sanamu ya mtu, nao usiku wa pili wakagundua kwamba haisogei. Siku moja alilizunguka zizi akiwa na tochi, na simba hawakuja. Hapo akatambua kwamba wanaogopa mwanga unaosonga. Kwa betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha pikipiki cha kuashiria na globu za tochi mbovu, akaunda taa zinazomemeteka zenyewe usiku kucha. Alikuwa na umri wa miaka 11. Mwaka wa 2013 alialikwa Marekani kueleza uvumbuzi wake. Simba waliokoka, na ng'ombe wa baba yake pia.

Tahadhari kidogo

Kabla ya kuanza, waonye watoto wasiguse nyoka, nyuki wala siafu. Jiwe likiinuliwa lirudishwe lilivyokuwa, kwani hilo ni paa la nyumba ya mtu. Kiumbe kisifungiwe chupani hadi kife. Na wote wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza.

Najua wazazi wengi wamechoshwa na mtaala wa umilisi na orodha za vitu vya kununua kila wiki. Lakini shughuli hizi hazina risiti ya duka. Fauka ya hayo, si jambo geni kwetu. Vilabu vya wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi tangu mwaka wa 1968. Ikiwa shule ya mwanao haina klabu, mwulize mwalimu mkuu sababu, kisha ujitolee kusaidia Jumamosi moja.

Na siku mtoto atakaporudi nyumbani na matope magotini, usianze kwa kuuliza ni nani atakayefua sare hiyo. Mwulize kwanza: "Leo umewahesabu wangapi?" Kisha keti umsikilize.